Chumvi ya Kiingereza katika nchi ya majani chai

Kila muhula, katika shule za kuanzia Londiani hadi Longisa, kuna somo ambalo wanafunzi hulikariri bila kulionja. Mwalimu wa Kiingereza anaandika nahau ubaoni, wanafunzi wananakili, na ikifika Ijumaa wanaulizwa maana. Katika orodha hiyo chumvi haikosekani. Kuna mtu anayestahili chumvi yake. Kuna chumvi ya dunia. Kuna habari ya kupokewa na punje ya chumvi, kuna chumvi inayotiwa kidondani, kuna walioketi chini ya chumvi, na kuna wanaorudi kwenye machimbo ya chumvi. Mwanafunzi mwenye bidii huzihifadhi zote, huzitumia kwenye insha, na bado huzikosea.

Nimefundisha lugha katika eneo hili na nimesahihisha insha za kutosha kujua kwamba watoto hawa si wavivu. Tatizo ni kwamba nahau hizi hufundishwa kana kwamba zilishuka kutoka mbinguni zikiwa tayari ni Kiingereza. Ukizifuatilia utakuta zilitoka kwenye ujira wa vibarua, kwenye meza za matajiri, kwenye majeraha na kwenye mahubiri ya mlimani. Kaunti zetu za Kericho na Bomet zinayajua mambo hayo yote. Mtoto wa mchuna majani akianzia kwenye chumvi iliyo kwao, chumvi ya Kiingereza haitamsumbua.

Punje ya chumvi, na kutia chumvi

Tuanze na ile inayowapotosha wengi. Kwa Kiswahili, anayetia chumvi ni msimulizi. Ukimwambia mtu "acha kutia chumvi", unamkanya asiongeze yasiyokuwepo ili hadithi ipendeze. Kwa Kiingereza chumvi iko mkononi mwa msikilizaji. Anayeambiwa "take it with a pinch of salt" anashauriwa asiyameze yote anayoyasikia, ayapime kwanza. Chumvi ya kwetu huikuza habari, ya Waingereza huipunguza nguvu. Ndiyo maana mwanafunzi anayewaza kwa Kiswahili huandika kwamba mjomba wake alieleza ajali kwa punje ya chumvi, akimaanisha kwamba mjomba alizidisha. Ametafsiri kila neno vizuri na amekosa maana yote.

Asili ya msemo huo husaidia. Pliny, mwandishi Mroma aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kuhusu dawa ya kuzuia sumu iliyokuwa ya mfalme Mithridates wa Ponto. Jenerali Pompey alipomshinda mfalme huyo, maelezo ya dawa yalipatikana miongoni mwa vitu vyake: njugu mbili kavu za jozi, tini mbili na majani ishirini ya mmea wa dawa ambao Waingereza huuita "rue", vyote vitwangwe pamoja na punje moja ya chumvi. Aliyeitumia asubuhi kabla ya kula hakudhuriwa na sumu siku hiyo. Waingereza walianza kuitumia punje hiyo kama nahau katika karne ya 17. Ukishaijua dawa hiyo, nahau inajieleza: habari yenye shaka ni sumu, na msikilizaji mwerevu hutembea na kinga yake.

Kinga hiyo inahitajika sana katika nchi ya majani chai kati ya Septemba na Oktoba. Mwaka wa fedha wa viwanda vilivyo chini ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, hufungwa Juni 30, na malipo ya pili, ambayo kila mtu huyaita bonasi, hufuata miezi michache baadaye. Kabla viwanda havijatangaza chochote, tayari takwimu zinazunguka kwenye simu: kiwanda fulani kitalipa kiasi fulani kwa kilo, kile kingine kimekula pesa za wakulima. Mwanasiasa naye husimama kwenye mazishi na kuahidi kiwango ambacho hana uwezo wa kukitoa. Mkulima wa Litein au Mogogosiek ana maswali ya kujikinga nayo. Je, ni kiwanda gani? Ni kwa kilo ya majani mabichi au ya chai iliyokwisha kusindikwa? Ni malipo ya mwaka mzima au ni bonasi peke yake? Mnada wa Mombasa ulikwendaje, na dola ilibadilishwa kwa shilingi ngapi? Mtu anayetaja takwimu bila majibu hayo ametia chumvi kwa Kiswahili, na anastahili kusikilizwa kwa punje ya chumvi ya Kiingereza. Mwanafunzi akipewa mfano huo wa bonasi, misemo yote miwili itamkaa kichwani kwa pamoja.

Anayestahili chumvi yake

Waingereza wakimsifu mfanyakazi hodari husema ni "worth his salt", yaani kazi yake inalingana na anacholipwa. Wengi wetu tumefundishwa kwamba askari wa Roma walilipwa chumvi badala ya pesa. Tuwe waangalifu hapo. Neno la Kilatini la ujira, *salarium*, lina uhusiano na neno la chumvi, na ndilo lililozaa jina la mshahara katika Kiingereza. Lakini ushahidi wa maandishi kwamba askari walipimiwa chumvi mwisho wa mwezi haupo. Mwalimu afundishe uhusiano wa maneno, hadithi ya askari aipokee kwa punje.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda Roma. Enzi za ukoloni, vibarua wa mashamba makubwa walilipwa pesa kidogo na posho, yaani unga wa kupimiwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwapa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani eneo kubwa la ardhi karibu na Kericho walime kitani. Bei ya kitani ilianguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia, Brooke Bond na James Finlay zikiwa mbele. Tangu wakati huo maelfu ya watu, Wakipsigis, Wagusii, Wajaluo na Waluhya, wamepimwa thamani yao kwa kilo za majani.

Mtu asiyewahi kuchuna huiona kazi hiyo kuwa nyepesi. Mchunaji huingia shambani umande ukiwa bado mzito, amejifunga karatasi ya plastiki kiunoni ili matawi yasimloweshe, kikapu kikiwa mgongoni. Anatafuta majani mawili na chipukizi. Kidole gumba na cha shahada hukutana chini ya jani la pili, kikonyo kinavunjwa kwa kukunjwa bila kuvutwa, na mikono yote miwili hufanya hivyo kwa wakati mmoja, safu baada ya safu, huku macho yakiwa tayari kwenye kichaka kinachofuata. Jani likikomaa kupita kiasi, litatupwa mezani wakati wa kukagua. Majani yakikandamizwa kikapuni hupata joto na kuwa mekundu kabla ya kufika kiwandani. Kwenye kituo cha kununulia, mizani husema neno la mwisho. Mwenye mikono myepesi na jicho kali anastahili chumvi yake kwa maana kamili ya msemo huo.

Lakini msemo huo una upande wa pili, nao haufundishwi mara nyingi darasani. Wenyeji wa Kericho wenye asili ya Punjab na Gujarat wana tusi kali la *namak haram*, yaani mtu aliyekula chumvi ya mwenziwe kisha akamsaliti. Chumvi hiyo hudai uaminifu kutoka kwa aliyeila, na kwa haki hiyo hiyo hudai uaminifu kutoka kwa aliyeitoa. Kampuni zilipoanza kuleta mashine za kuchuna majani, zilieleza kwamba gharama ya mikono imepanda. Wachunaji walihesabu nafasi zilizopotea. Mei 2023 hasira ililipuka Kericho na mashine zikachomwa moto mashambani. Kuchoma mali ya mtu ni kosa, na halikurudisha kazi ya yeyote. Hata hivyo swali waliloliuliza wachunaji bado lipo. Mashine haili chumvi, haina mtoto wa kupeleka shule, haina mama wa kumtumia pesa Kisii au Siaya. Mtu aliyetoa mgongo wake kwa miaka mingi kwenye shamba moja analipwa nini siku anapoambiwa hahitajiki tena? Mwanafunzi anayetaka kueleza nahau hii kwa kina aanze na swali hilo.

Chumvi ya dunia

"Salt of the earth" inatoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 5 mstari wa 13, Yesu anapowaambia wanafunzi wake wao ni nani na kuwaonya kuhusu chumvi iliyopoteza ladha. Katika Kiingereza cha leo, mtu anayeitwa hivyo ni mwema, mnyofu, asiyejikweza, ambaye jamii humtegemea bila kumtangaza.

Mtoto wa mkulima anaweza kujikwaa kwenye nahau hii kwa sababu anaujua udongo. Anajua kwamba chumvi nyingi shambani huua mimea. Anaona pia baba yake akichukua kutoka kiwandani magunia ya mbolea ya NPK 26:5:5, ile ambayo Waswahili wengi huiita mbolea ya chumvichumvi, na kuinyunyiza chini ya michai. Basi huuliza kwa haki kabisa, chumvi ya ardhi ni ipi? Biblia ya Kiswahili imeshamjibu, kwa kuwa inasema dunia. Hotuba ile inazungumzia watu na ulimwengu wao, wala haimhusu mkulima na shamba lake. Hapa mwanafunzi anayejua Kiswahili yuko mbele ya mwenzake anayejua Kiingereza peke yake.

Pakiti ya chumvi dukani inaonyesha jambo lenyewe. Nyanda za juu zenye mvua nyingi, kama zetu, hukosa iodini ardhini kwa sababu maji huisomba kwa karne nyingi. Anayekula vyakula vya udongo huo pekee anaweza kuota rovu shingoni, na mama mjamzito anayekosa iodini huweza kuzaa mtoto ambaye akili yake haitakua inavyopaswa. Wazee wa eneo hili wanakumbuka shingo zilizovimba vijijini. Kenya iliamua tangu miaka ya 1970 kwamba chumvi ya mezani itiwe iodini, madini ambayo Watanzania huyaita madini joto. Kiasi kinachotiwa ni kidogo mno, hakionekani wala hakisikiki ulimini, na kinalinda nyumba ya tajiri na ya kibarua kwa kipimo kilekile. Watu wanaoitwa chumvi ya dunia hufanya kazi ya namna hiyo hiyo: mhudumu wa afya wa kijiji anayetembea mlima kwa mlima, mama anayepika shuleni, mzee anayepatanisha majirani kabla kesi haijafika kwa chifu.

Chumvi kwenye kidonda

Nahau hii haihitaji mwalimu, kwani Kiswahili nacho kinayo. Kumtia mtu chumvi kwenye kidonda ni kumwongezea uchungu aliyekwisha kuumia. Jambo la kuongezea ni kwamba chumvi iliwekwa kwenye majeraha tangu zamani kwa nia njema, ili yasioze. Hadi leo, katika wodi za Tenwek, Kapkatet au Longisa, muuguzi huosha kidonda kwa maji ya chumvi yenye gramu 9 katika kila lita. Kipimo hicho hakiumizi, kwa kuwa kinakaribiana na chumvi iliyo ndani ya damu yenyewe. Kinachoumiza ni chumvi isiyopimwa, iliyotiwa na mkono usiojali.

Kama kuna watu katika Kericho wanaoweza kuieleza nahau hii bila kamusi, ni wa ukoo wa Talai. Ukoo huu ndio uliotoa orgoiyot, viongozi wa kiroho walioongoza upinzani dhidi ya Waingereza. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa, na watu wapatao 700, wazee, wanawake na watoto, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto na maradhi ambapo mifugo na watoto walikufa. Uhuru ulipokaribia waliruhusiwa kurudi. Walichokuta ni kwamba ardhi yao imefunikwa na michai, na wengi wao wakaishia kuishi kama maskwota mjini.

Hicho ndicho kidonda. Chumvi imetiwa baadaye, kidogo kidogo. Barua zao kwa serikali ya Uingereza hazikuwaletea suluhu, na Agosti 2022 wawakilishi wa Talai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg. Oktoba 2023 Mfalme Charles alizuru Kenya, akaeleza masikitiko yake kuhusu ukatili wa enzi za ukoloni, lakini hakuomba msamaha rasmi. Wakati huohuo mashamba yenyewe yanauzwa na kununuliwa na makampuni ya nchi za mbali, na kila yanapobadilisha mikono, walioyapoteza husoma habari hizo magazetini kama watu wengine wote. Mwalimu wa Kiingereza anayetafuta mfano wa nahau hii anayo historia nzima nje ya dirisha la darasa.

Chini ya chumvi

Katika kumbi za matajiri wa Ulaya ya zamani, chumvi ilikuwa ghali na chombo chake kiliwekwa katikati ya meza ndefu. Wageni wa heshima waliketi upande wa mwenye nyumba, juu ya chumvi. Watumishi na wageni wadogo waliketi upande wa pili. Kuwa "below the salt" maana yake ni kuhesabiwa miongoni mwa wasio na cheo.

Mpangilio huo ulihamia mashambani bila kubadilika sana. Mpaka leo ukipita kwenye shamba kubwa la chai unaweza kusoma vyeo kwa kutazama paa za nyumba. Meneja yuko kilimani katika bangaloo yenye bustani, makarani wana nyumba zao, na chini kabisa zimepangwa nyumba za vibarua, safu baada ya safu, zile zinazoitwa laini. Katika miaka ya 1950 Brooke Bond ilijenga hoteli mjini Kericho, Tea Hotel, na kwa muda mrefu mchunaji aliyeilisha hoteli hiyo kwa jasho lake hakuwa na nafasi ya kuketi kwenye veranda yake.

Lakini Kericho hiyo hiyo ina meza nyingine. Mjini kuna gurudwara kubwa ya Masingasinga, inayoheshimiwa na waumini wa dini hiyo duniani kote kwa sababu kiongozi wao wa kiroho, Baba Puran Singh, aliishi na kufanya kazi hapa kabla ya kuhamia Uingereza, ambako alianzisha jumuiya ya Nishkam mjini Birmingham katika miaka ya 1970. Kama ilivyo desturi katika kila gurudwara, kuna langar, chakula cha bure kwa yeyote anayeingia. Tajiri na maskini, Mkristo na Mwislamu, Mpunjabi na Mkipsigis, wote huvua viatu, hufunika kichwa na kupakuliwa dengu na chapati kutoka sufuria moja. Hakuna aliye juu ya chumvi wala chini yake. Darasa likipelekwa huko asubuhi moja, litaielewa nahau ya Kiingereza kwa kuona kinyume chake.

Machimbo ya chumvi

Mwingereza anayemaliza mapumziko ya chakula cha mchana hutania kwamba anarudi "back to the salt mines", yaani kwenye kazi ngumu isiyo na shukrani. Msemo huo unatokana na sifa mbaya ya Siberia, ambako watawala wa Urusi walipeleka wafungwa kufanya kazi za sulubu.

Afrika Mashariki ina machimbo yake, na huko hakuna anayetania. Katika Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, wanaume na wanawake husimama ndani ya maji makali ya chumvi wakivunja mabamba yake chini ya jua, na ngozi zao hulipa gharama. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya hutoka Magarini, kaskazini mwa Malindi, ambako maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana na kuachwa yakauke. Malalamiko ya wenyeji kuhusu ardhi, maji ya kunywa na hali ya wafanyakazi yalikuwa makubwa hata Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikafanya uchunguzi wa hadhara huko na kutoa ripoti yake mwaka 2006. Mchunaji wa Konoin anayenyunyiza chumvi kwenye mboga za isagek jioni na kibarua wa Gongoni anayekoroga chai ya Kericho alfajiri hawajawahi kuonana, lakini kila mmoja anakula jasho la mwenzake. Wote wawili wangeielewa nahau hii mara moja, na wote wawili wangeshangaa kusikia kwamba kuna watu huisema wakicheka.

Waliokula chumvi nyingi

Kwa Waingereza "old salt" ni baharia mkongwe, aliyepigwa na mawimbi mpaka akaivishwa na bahari. Waswahili nao humwambia mzee kwamba amekula chumvi nyingi, yaani ameishi miaka mingi na kuona mengi. Hapa misemo miwili inakutana karibu kabisa, ingawa wa Waingereza unadai mashua na wa kwetu unadai umri tu.

Wazee wa Bureti na Chepalungu waliokula chumvi nyingi wana chumvi nyingine ambayo haimo katika kitabu chochote cha nahau. Zamani Wakipsigis walipeleka ng'ombe mahali penye udongo wa chumvi, panapoitwa ng'enda. Nyasi za malisho zina chumvi kidogo mno, na ng'ombe anayekamuliwa hutoa chumvi mwilini kila siku kupitia maziwa. Akikosa ng'enda hulamba ukuta, hutafuna mbao, na maziwa hupungua. Ndiyo maana safari ya kwenda huko ilipangwa, na kwa desturi mahali hapo hapakuwa mali ya mtu mmoja. Kila mwenye ng'ombe alikuwa na haki ya kuwapeleka. Mtoto aliyezaliwa mifugo ikiwa huko aliitwa Kipng'eno akiwa mvulana, Chepng'eno akiwa msichana. Leo ng'ombe wengi wa Bomet hufungiwa zizini na hulamba jiwe la chumvi lililonunuliwa kwenye duka la dawa za mifugo, likining'inia kwa kamba kando ya hori. Mashamba yamegawanywa na njia za kwenda ng'enda zimezibwa kwa ua. Majina yamebaki, na kuna watoto wengi wanaoitwa hivyo ambao hawajawahi kuambiwa kwa nini.

Ninalisema hili kwa uchungu. Mtoto anayebeba chumvi kwenye jina lake anafika darasani na kufundishwa kwamba chumvi yenye maana ni ile ya Pliny na ya mabaharia wa Uingereza. Anapata alama mbili za kueleza "worth his salt", na hana pa kuandika kwamba babu yake alikesha njiani na ng'ombe ili waionje.

Kazi iliyo mbele ya mwalimu na mzazi

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliowafanya walimu wengi wafundishe nahau kwa orodha, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala unaotumika sasa unataka mtoto ajifunze kutokana na jamii inayomzunguka, na mzazi ashiriki. Nafasi hiyo tusiipoteze. Kiingereza ni lugha ya mahakama, ya vyuo vikuu na ya mikataba ya chai yenyewe, na mtoto wa Kericho anastahili kukimudu vizuri kuliko tulivyokimudu sisi. Atakimudu akikijenga juu ya kitu alicho nacho tayari.

Mwalimu anaweza kuanza muhula ujao kwa zoezi jepesi. Kila mwanafunzi aulize nyumbani mambo matatu: ng'enda ya kijiji chao ilikuwa wapi, mchunaji wa zamani alilipwa nini, na ni nani kijijini anayestahili kuitwa chumvi ya dunia na kwa sababu gani. Majibu yaandikwe kwa Kipsigis au Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, kila moja likiambatana na nahau inayolifaa. Wazazi nao wasijibu kwa mkato, na asiyejua ampeleke mtoto kwa nyanya au babu angali hai. Baada ya hapo hakuna atakayehitaji kukariri, na hakuna atakayeandika tena kwamba mjomba wake alisimulia ajali kwa punje ya chumvi.